Faili moja iliyomeza barua zote

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimepata kazi ng'ambo. La, niko hapa hapa Nairobi. Nilikuwa nikipambana na faili moja iitwayo Inbox.dbx. Ili niwaeleze yaliyonipata itabidi kwanza niwarudishe nyuma zaidi ya miaka hamsini, kwa sababu kosa lililoninyima usingizi lilizaliwa kabla yangu.

Mjomba wangu wa Mombasa alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2002 alinunua kompyuta ya ofisi yenye Windows XP, na ndani yake ikaja Outlook Express. (Shuleni tulifundishwa kusema tarakilishi. Mjomba husema kompyuta, nami leo nitamfuata yeye.) Wakati huo baba yangu alikuwa fundi wa mitambo Dubai. Mama hakuwa na barua pepe, kwa hiyo baba alikuwa akimwandikia shemeji yake, naye mjomba akizichapisha na kutuletea nyumbani jioni. Baba alifariki mwaka 2006, nikiwa na miaka tisa. Karatasi zile zilihama nasi nyumba tatu, zikapungua kila tulipohama, mpaka zikaisha. Zilizobaki zilikuwa ndani ya kompyuta ya mjomba, na mwaka 2008, asubuhi moja, sanduku la barua likafunguka likiwa tupu.

Mwaka jana alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wewe si umesomea mambo haya ya kompyuta? Ile CPU bado ninayo. Sijaiwasha tena."

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka yote hiyo: kwamba kompyuta ilimuuliza swali, akajibu ndiyo bila kusoma, na kwamba yeye ndiye aliyezipoteza barua za baba yangu. Nilimwambia anitumie diski kwa basi. Na nilipokuwa nikiisubiri, nikaanza kuchimba historia ili nijue hasa ni nani alaumiwe.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Marekani, alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimesimama bega kwa bega katika chumba kimoja. Watu humkumbuka kwa alama ya @. Mimi kinachonivutia zaidi ni jinsi barua ilivyopokewa. Tayari kulikuwa na programu ya SNDMSG, ambayo watu waliotumia kompyuta moja waliitumia kuachiana ujumbe, na kazi yake yote ilikuwa kuongeza maneno mwishoni mwa faili ya mpokeaji. Tomlinson aliifanya iweze kuongeza maneno kwenye faili iliyo katika kompyuta nyingine. Hiyo ndiyo barua pepe: mkia mpya katika faili ndefu.

Wazo hilo likahamia Unix. Humo barua zako zote ziliwekwa katika faili moja ya maandishi, na mwanzo wa kila barua ulitambuliwa kwa mstari unaoanza na neno From na nafasi moja baada yake. Je, ukiandika sentensi yako mwenyewe inayoanza na neno hilo? Programu ingedhani barua mpya imeanza! Basi wakaweka kiraka: alama ya > mbele ya neno. Kama umewahi kupokea barua ya Kiingereza yenye >From katikati bila sababu yoyote, sasa unajua ilikotoka.

Mwaka 1988 Steve Dorner wa Chuo Kikuu cha Illinois akaandika Eudora, mojawapo ya programu za kwanza zilizoileta barua pepe kwa watu wa kawaida wenye kompyuta ya mezani. Nayo ikafuata mtindo ule ule: faili moja kwa kila sanduku, na kando yake faili ndogo ya orodha inayoonyesha kila barua inaanzia wapi. Outlook Express ilipokuja mwaka 1997 pamoja na Internet Explorer 4 haikubadili wazo hilo. Toleo la 5 la mwaka 1999 likaleta faili za .dbx: folda moja, faili moja.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa nikicheka mambo haya. Nani mwenye akili timamu anaweka barua elfu kumi katika faili moja? Sicheki tena, kwa sababu nimepiga hesabu. Diski ya GB 2 iliyopangwa kwa FAT16, kama zilivyokuwa nyingi katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa ikigawa nafasi kwa mafungu ya kilobaiti 32. Faili ya kilobaiti 2 ilichukua fungu zima. Barua elfu kumi za kilobaiti 2 kila moja ni kama MB 20 zikikaa pamoja. Ukiziweka kila moja katika faili yake zinakula zaidi ya MB 300. Kwa diski za siku zile huo ungekuwa ufujaji wa mchana kweupe. Kwa hiyo waliochagua faili moja hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiishi na diski walizokuwa nazo.

Lakini faili moja ina ugonjwa wake. Huwezi kung'oa barua iliyo katikati bila kusogeza kila kilicho nyuma yake, kama ukuta wa matofali. Sasa programu inafanyaje ukifuta barua? Haifuti. Inaweka alama kwamba hii haipo tena, inaificha machoni pako, na mwili wake unabaki pale pale. Ndiyo maana watu walikuwa wakifuta maelfu ya barua na faili isipungue hata kidogo. Ili nafasi irudi, lazima faili ibanwe: programu inaandika faili mpya yenye barua hai pekee, inaondoa ile ya zamani, na kuipa mpya jina lake. Kwa faili ya MB 5 hilo ni jambo la kupepesa jicho. Kwa faili ya mamia ya MB, kwenye diski ya enzi zile, ilikuwa dakika nyingi. Na katika dakika hizo mtumiaji anaona kompyuta imeganda, anaizima kwa nguvu, au stima zinapotea.

Mwanzoni Outlook Express ilikuwa ikibana faili kimyakimya. Service Pack 2 ya Windows XP ilipotoka Agosti 2004, mtindo ukabadilika: ukishaifunga programu mara mia moja, inakuuliza kama ungependa ibane barua zako ili kuokoa nafasi. Hilo ndilo swali mjomba alilojibu ndiyo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, anataka kufunga ofisi, na Inbox yake ilikuwa karibu MB 700, kwa kuwa hakuwahi kutengeneza folda hata moja. Stima zikapotea. UPS ilikuwepo, ila betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi na kazi yake ilibaki kushikilia vikombe vya chai.

Hapa mtu atauliza: si barua zilikuwa kwenye seva? Hazikuwa. Na hiyo ni historia nyingine.

Itifaki ya POP ilianza mwaka 1984, toleo la tatu likaja 1988, na maelezo yake yanayotumika hadi leo yaliandikwa mwaka 1996 katika RFC 1939. Ilibuniwa kwa mtu asiyekaa mtandaoni: unapiga, unachukua barua zako, unakata. Kwa Kenya ya wakati ule ilikuwa kama imeshonewa mwilini mwetu. Kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa, intaneti yetu na ya nje ilipitia setilaiti. Ofisini ulipiga simu kupitia modemu, na kila dakika ilihesabiwa kwenye bili. Hakuna aliyekaa kwenye laini akisoma barua. Unazipakua zote, unakata, unasoma kwa starehe. Outlook Express nayo, isipoambiwa vingine, iliziondoa kwenye seva baada ya kuzipakua. Kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki ili nakala ibaki kwenye seva, lakini kilikuwa kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya akaunti, na watoa huduma walitoa nafasi finyu ya MB chache, hivyo ukikiwekea tiki sanduku linajaa na barua zinarudishwa kwa waliozituma. Faili ile ikawa nakala pekee duniani.

Niruhusuni nichepuke kidogo, maana hapa kuna utamu. POP ina heshima moja ambayo watu hawaijui: amri za kufuta hazitekelezwi mpaka programu yako iage rasmi kwa neno QUIT. Laini ya simu ikikatika kabla ya hapo, seva haifuti chochote. Ni busara kubwa, lakini ndiyo iliyozaa kero ambayo mafundi wa ofisi waliijua vizuri: barua zile zile kuja mara mbili au tatu. Na picha moja kubwa ingeweza kuziba mlango mzima. Kiambatisho kikisafirishwa kwa barua pepe huvimba kwa theluthi moja, kwa sababu kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Laini inakatika picha ikiwa njiani, dirisha linaonyesha 0x800CCC0F, unapiga tena, inaanza upya, inakatika pale pale. Dawa haikuwa kusakinisha programu upya, kama walivyofanya wengi. Kwanza ni kuongeza muda wa kusubiri seva kutoka dakika moja hadi tano, pili ni kuzima ukaguzi wa barua wa programu ya kuzuia virusi, maana ilikuwa ikikaa katikati na kuchelewesha mazungumzo, na la mwisho ni kuingia kwenye seva kwa kivinjari na kuitoa ile barua nene kwa mkono. Nimesimuliwa na mjomba kwamba yeye alikuwa akimpigia simu mtumaji na kumsihi asitume picha tena.

Haya, turudi kwenye faili. Waliotumia Outlook yenyewe, ile ya Office, hawakuwa salama zaidi. Kuanzia toleo la 97 hadi 2002, barua zote, folda zote, kalenda na anwani ziliingia katika faili moja ya .pst yenye ukomo wa GB 2. Namba ya biti 32 ikitengewa biti moja ya alama ya hasi inafika 2,147,483,647 na hapo ndipo dunia inapoishia. Mwaka 1997 nani alikuwa na GB 2 za barua? Miaka michache baadaye ofisi nyingi zilizipata, na faili ikifika ukomo ilikataa kufunguka. Microsoft walitoa zana iitwayo pst2gb, nayo tiba yake ilikuwa mkasi: inakata kipande cha mwisho cha faili, ukubwa unashuka chini ya GB 2, kisha unaendesha scanpst.exe kurekebisha kilichobaki. Kilichokuwa katika kipande kile kimekwenda, na hukupewa nafasi ya kuchagua. Outlook 2003 ikaleta muundo mpya wenye ukomo wa GB 20, na ile ya 2010 ikapandisha hadi 50. Ila ukiifungua faili ya zamani kwa programu mpya, haibadiliki yenyewe. Inabaki na ukomo wake wa GB 2, na nimeona ofisi zikiendelea kuzitumia bila kujua. Ukiwa na faili kama hiyo, tengeneza faili mpya ya .pst na uhamishe barua humo kabla haijafika pabaya.

Kulikuwa na aliyeona njia nyingine mapema. Daniel J. Bernstein, alipokuwa akiandika qmail katika miaka ya 1990, alibuni maildir: kila barua faili yake. Inaandikwa kwanza katika folda ya muda, na ikishakamilika ndipo inahamishiwa folda ya barua mpya. Stima zikipotea katikati iliyo hatarini ni ile barua moja inayoingia, na nyingi zaidi haziguswi. Upande wa kompyuta za mezani ilichukua muda. Apple walihamia faili moja kwa barua moja mwaka 2005 katika Mac OS X 10.4, na Windows Mail ya Vista, iliyochukua nafasi ya Outlook Express mwaka 2007, ikafanya hivyo kwa faili za .eml. Mjomba aliona Vista ni nzito. Alibaki na XP, kama wengi wetu.

Diski ilifika kwa basi ikiwa imefungwa kwa gazeti na kanga. GB 40, ya IDE. Sikuiwasha katika kompyuta yake, na ninaomba mlishike hili: kompyuta ikiwaka tu, Windows inaanza kuandika huku na kule, na inaweza kuandika juu ya kile unachokitafuta. Niliiunganisha kwa adapta, nikatoa nakala ya diski nzima kwa ddrescue, nikairudisha diski kwenye kanga. Kazi yote niliifanya kwenye nakala.

Inbox.dbx niliyoikuta ilikuwa changa na tupu. Outlook Express iliposhindwa kuielewa faili iliyokatika ilitengeneza mpya. Mjomba alinieleza pia kwamba baada ya tukio lile alikuja fundi, akahifadhi folda ya My Documents kwenye CD, kisha "akasafisha" kompyuta. Fundi hakujua, na simlaumu, kwamba barua hazikukaa My Documents. Zilikaa katika folda iliyofichwa, chini ya Local Settings, ndani ya folda yenye jina la herufi na tarakimu ambalo hakuna binadamu angelitamka. Na matoleo ya baadaye ya Outlook Express yalikuwa yakiweka nakala ya faili kwenye pipa la taka kabla ya kuibana, yenye kiendelezi cha .bak. Kusafisha kompyuta huanza na kumwaga pipa.

Lakini kumwaga pipa nako ni kuweka alama tu. Windows haifuti, inasema nafasi hii iko huru. Na mjomba, kwa uchungu au kwa uvivu, aliizima mashine ile na hakuiwasha tena.

Faili ya .dbx hugawa kila barua katika vipande vya baiti 512, na kila kipande kina kichwa cha baiti 16. Ndani ya kichwa kile kuna namba inayosema kipande hiki kiko wapi katika faili, na nyingine inayosema kipande kinachofuata kiko wapi. Yaani kila kipande kinajua anwani yake! Hata kikitawanyika kwenye diski, bado kinabeba kitambulisho. Niliandika programu fupi ya Python ipite diski nzima ikitafuta vichwa vya namna hiyo, ikavipanga kwa anwani, ikafuata mnyororo. Usiku wa kwanza nikaona jina la baba kwenye skrini. Nikainuka, nikachemsha chai, nikarudi.

Ugumu ulikuwa kwamba faili ilikuwa imebanwa mara kadhaa miaka ya nyuma, na mabaki ya vizazi vyote yalikuwepo. Vipande viwili, wakati mwingine vitatu, vilidai anwani moja. Programu yangu ikaunganisha barua ambamo baba anaanza kuulizia karo yangu, na sentensi inaishia kwenye kontena la matairi linalosubiri ushuru. Nilicheka, kisha nikaogopa. Barua zinazochanganyika vibaya kwa uwazi si tatizo. Je, zile zinazochanganyika vizuri, mstari wa baba wa 2003 ukishikana na mstari wa baba wa 2005? Ikabidi niache kuiamini programu na kusoma kila kiungo kwa macho, nikilinganisha neno lililokatika na lile linaloendelea. Ndizo zile wiki nilizokuwa kimya.

Nimepata barua 118 za baba. Tisini na saba ni nzima. Ishirini na moja zimekatika, na hizo sikuzishona, nimeziacha zilivyo. Kuna picha moja, amesimama mbele ya kreni. Nusu ya juu ipo, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu.

Nimezihifadhi kila moja katika faili yake ya .eml, ambayo ni maandishi matupu na inafunguka kwenye Thunderbird au hata Notepad, kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa mama. Thunderbird yenyewe hadi leo huweka folda nzima katika faili moja usipoiambia vingine, kwa hiyo mkiitumia tengenezeni folda kwa kila mwaka, msirundike kila kitu Inbox, na ikiomba kubana mwacheni ifanye kazi yake mkiwa na betri ya kutosha na nakala iko kando. Aliye na kompyuta ya zamani yenye .dbx au .pst iliyokataa kufunguka, asiiwashe na asimpe mtu aisafishe. Atoe nakala ya diski kwanza, ndipo tuzungumze.

Niliposhuka Mombasa nilimwonyesha mjomba barua ya Machi 2004, ile anayoambiwa aninunulie viatu vya shule na asinunue vya kubana maana miguu ya kijana inakua. Aliisoma mara mbili. Nikamweleza habari za kubana faili, za POP, za pipa la taka, nikamwambia hakuwa amekosea kitu. Akasema, "Lakini si nilibonyeza ndiyo." Kisha akaniuliza kama CPU sasa inaweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Nikamwambia inaweza. Bado iko chini ya meza yake.